Mtu Mgumu wa Mama Furaha

Ujumbe wa msiba ulinikuta dukani kwangu Tanga, mchana, nikiwa na bakuli la maharage mbele yangu na kijiko mkononi. Ulitoka kwa mtu tuliyewahi kupanga naye jengo moja Johannesburg, na ulikuwa mfupi: Mama Furaha amefariki, alikuwa anaumwa kifua, watamzika hukohuko. Nilitegemea machozi, maana mama yule alinilisha karibu mwaka mzima na hakuwa ndugu yangu. Machozi hayakuja. Iliyokuja ni aibu, tena aibu mbichi ya kunifanya niinamishe kichwa mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri bahasha zake. Ninakaribia miaka hamsini, nina wajukuu wa dada yangu wanaoniogopa, na bado nikimkumbuka mama yule masikio yanapata moto. Nikasukuma bakuli pembeni, nikamhudumia mteja, nikafunga duka mapema.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata miezi ya wageni kupigwa na maduka yao kuchomwa. Nilikuwa nauza katika spaza ya Mtanzania mwenzangu kule Diepsloot, duka la bati lenye dirisha la nondo, na siku lilipobebwa lote, kuanzia unga hadi rafu, nilishuka mjini na begi moja la nguo na kamusi. Naona haya kuitaja hiyo kamusi, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa mihula michache kabla ya kwenda kutafuta maisha, na nilikuwa sijakubali kwamba nimeacha kuwa mwalimu. Jeppestown nilipokelewa na Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mshonaji, mwanamke mnene asiye na makuu, aliyekuwa amepanga chumba kimoja ghorofani katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha viatu. Alikigawa kwa mbao nyembamba, akalala upande wa dirisha na cherehani yake, akanipa mimi upande wa mlango. Mbao zile hazikufika juu. Nilisikia cherehani ikikimbia, nilisikia mafuta yakichemka sufuriani, na bila shaka yeye alinisikia nikikoroma. Kila jioni aligonga ubao kwa mwiko, maana yake chakula kipo: sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese akiyapata, ndagala, na ugali wa unga mweupe wa huko aliousonga mpaka ukawa mgumu kama wa kwao. Hakuwahi kuniuliza kama nina njaa. Aliniita Mwalimu, na nililipenda jina hilo kuliko jina langu. Nilitaka aniweke moyoni, aseme mbele za watu kwamba huyu ni mtoto wangu. Sikumwambia, ila ndilo jambo nililolitaka mwaka ule kuliko kazi na kuliko makaratasi ya ukaazi.

Mtoto wake wa kumzaa alikuwa Uvira. Furaha aliachwa kwa shangazi yake akiwa mdogo, wakati mama anakimbia, na sasa alikuwa binti wa shule. Jumapili baada ya kanisa Mama Furaha alipiga simu nyumbani, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mbovu alipiga kelele, nami nikiwa nimelala chali upande wangu nikasikia kila kitu. Aliuliza habari za mvua, za mihogo, za nani amezaa. Halafu sauti ilishuka. "Furaha iko hapo? Muambie ni mama yake." Kimya. "Anasema nini?" Kimya kirefu zaidi. "Haya, haina neno. Muambie tu nimemusalimia." Binti alikuwa anakataa kushika simu. Nilijua hivyo baada ya Jumapili chache tu, kwa sababu baada ya kila simu cherehani ilianza kukimbia, ingawa mama yule hakuwa mtu wa kushona siku ya Bwana. Nasisitiza kwamba nilijua. Ningekuwa sijui, siku ile dukani ningemaliza maharage yangu.

Kliniki moja ya mjini ilikuwa inawaelekeza akina mama wasiopata usingizi, Wakongo na Warundi kwa wingi, kwa muuguzi mstaafu wa Soweto aliyekuwa anafundisha kutafakari kila Jumamosi katika nyumba ya zamani huko Bez Valley, mwendo wa mguu kutoka kwetu. Alitafutwa mkalimani. Mama Furaha ndiye aliyesema, "Niko na Mwalimu kwangu. Anajua Kizungu, na Kiswahili ya kitabu." Kwa hiyo hata kazi ile nilipewa na yeye. Muuguzi tulimwita Mama Nomsa. Alikuwa Mbudha, amenyoa kichwa na kuvaa nguo nyeupe, na kwa kuwa huko Kusini kichwa cha mwanamke kilichonyolewa ni cha mjane, siku ya kwanza akina mama walipanga mstari wakampa pole ya msiba mmoja mmoja. Nikamtafsiria. Akacheka, akazipokea pole zote, akasema hakuna mtu asiyekuwa na msiba wa kupewa pole. Kisha mmoja wao, Mama Zawadi, Mrundi mrefu wa maombi ya mfungo, akaona sanamu ya Budha juu ya rafu ya sebuleni, akasimama mlangoni na kusema haingii penye mungu wa mti. Mama Nomsa hakubishana. Aliibeba sanamu kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akaiweka jikoni kati ya birika na kopo la mkate. "Hatakasirika," alisema. Tangu siku hiyo, tulipomaliza kuketi, tulikunywa supu ya dengu na chai nyekundu ya huko huku Budha akitutazama kutoka jikoni, na Mama Zawadi akaizoea hata akawa anaipangusa vumbi.

Mama Nomsa alifundisha jambo moja tu. Unaketi, unafumba macho, unajitakia wema. Ukizoea, unamtakia wema mtu aliyekufadhili, kisha rafiki, kisha mtu ambaye humpendi wala humchukii, kama yule anayekuuzia nyanya, kisha mtu mgumu, na mwisho viumbe wote bila kubagua. Kwa Kipali, lugha ya kale ya Wabudha, wanaita metta, akasema, na akaniuliza kwa Kiswahili ni nini. Nililala na neno lile wiki nzima. Mapenzi yalikuwa na harufu ya kitanda. Upendo ulikuwa wa kanisani, wangeanza kuimba. Huruma nayo, nilivyoifikiri, ilikuwa ya mtu aliyesimama juu akimtazama aliyeanguka. Mwishowe nikasema "wema wa moyo", nikajipiga kifua kwa kupata neno hilo. Leo nadhani huruma ilinishinda kwa sababu sikuwa nimewahi kuwa chini kiasi cha kuihitaji, au nilikuwa chini na sikutaka kukiri.

Maneno yenyewe ya kusema yalikuwa mepesi. Niwe na furaha. Niwe salama. Nisisumbuke moyoni. Niliyatoa kwa sauti yangu ya darasani, nao wakayafuata. Mama Nomsa alikuwa ameomba ukimya, lakini akina mama wale walizoea kuomba kwa sauti, kila mtu la kwake na wote kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kuwabadilisha, hivyo chumba kilinguruma mwanzo hadi mwisho. Jumamosi ya tatu au ya nne nikasikia kicheko kikitoka upande wa dirishani. Mama Zawadi alikuwa amefumbua macho, anamtazama Mama Furaha. "Huyu haombi furaha," alisema, "anamuomba mtoto wake." Ilikuwa kweli. Mama Furaha alikuwa anasema "Nikuwe na Furaha", kwa lafudhi ya kwao, mikono imefungwa kifuani, na ukimsikiliza vizuri ungesikia kwamba halikuwa jambo la hisia. Alikuwa anaomba kuwa na mtu. Wote wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kama wanawake wanavyocheka jikoni. Mama Nomsa akataka kujua kuna nini, nikamweleza utani ule kwa Kizungu, nikautia na madoido, naye akatabasamu. Mama Furaha hakucheka. Alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona, uso umelegea, kama mtu aliyeketi kando ya moto.

Mimi ni mtu ambaye hawezi kupitwa na kosa la Kiswahili. Nilisimama pale katikati, nikasema kwa upole wa kishenzi wa mwalimu: "Mama Furaha, hapa si jina la mtu. Ni hali ya moyo. Tena tunasema niwe, si nikuwe. Tusichanganye." Akafumbua macho. Akasema, "Aa, ndiyo, Mwalimu," haraka, kama mtoto aliyekutwa na daftari chafu. Nami, ili kosa lisijirudie, nikaamua kwa wote kwamba kuanzia siku hiyo tutasema niwe na raha. Mama Zawadi akanong'ona kwamba raha wanaombewa marehemu, nikajifanya sikusikia. Mama Furaha alisema raha tangu siku ile. Alilisema vizuri, bila kosa, na uso ule uliolegea sikuuona tena. Ningeweza kusema nilikuwa kijana, au kwamba mkalimani ana wajibu wa kulinda maana. Lakini nilikuwa nimemsikia kupitia ule ubao kila Jumapili, na nilichokilinda ni sifa yangu.

Wiki zikapita, tukafika kwa mtu mgumu. Mama Nomsa alionya, nami nikatafsiri neno kwa neno, kwamba tusianze na wale waliotuumiza sana. Anzeni na mtu anayekera tu, alisema, kama kiatu kinachobana. Wale wengine wana siku yao. Akina mama wakafumba macho, chumba kikaanza kunguruma. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuzunguka taratibu nyuma yao na kurudia maneno kila yalipofifia. Nilipopita karibu na dirisha nikasikia, "Mwalimu akuwe na raha. Mwalimu akuwe salama. Mwalimu asisumbuke mu roho." Jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba alipaswa kusema awe. La pili lilikuwa utamu. Nilisimama nyuma ya mgongo wake nikijisikia kama mtoto aliyesifiwa mbele za wageni, nikiwaza, kumbe mama huyu ananiombea, ameniweka kati ya wafadhili wake, na kidogo nimguse bega. Nilihisi hivyo kwa muda mrefu wa kuniaibisha hadi leo. Kisha nikakumbuka tuko kwa mtu wa ngapi. Niliwatangazia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu: sasa tumchukue mtu mgumu.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa sakafu ya mbao na mimi ndiye mkalimani. Tulipomaliza Mama Nomsa aliuliza, kama kawaida yake, ilikuwaje, na Mama Furaha, ambaye kwa kawaida alinyamaza, akasema siku hiyo. Mkalimani husema "mimi" anapotafsiri maneno ya mwingine, ndiyo heshima ya kazi. Kwa hiyo aliposema, "Ilikuwa nguvu. Lakini huyu muntu hana ubaya. Ni vile anajua sana," nilifungua kinywa nikasema kwa Kizungu: kwangu ilikuwa vigumu, lakini mtu huyu hana ubaya, ni vile tu anajua sana. Mama Nomsa akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Mwambie amshike huyohuyo," alisema. "Asimwache. Mtu wa namna hiyo anafaa sana kwa mazoezi." Nikamgeukia Mama Furaha, nikamwambia kwa Kiswahili sanifu kwamba amshike huyohuyo, asimwache, anafaa sana kwa mazoezi. Sikukosea hata irabu. Akina mama wote walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao, na Mama Zawadi alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Mama Furaha peke yake ndiye aliyenitazama usoni. Alisema, "Nitajaribu, Mwalimu."

Tulirudi nyumbani pamoja kama siku zote, yeye na mfuko wake wa vitambaa, mimi na mikono mitupu. Kwenye robot, kama huko wanavyoita taa za barabarani, karibu na karakana za magari, rangi ilikuwa nyekundu, tukasimama, na kwa kuwa nisingeweza kupanda ngazi zile na neno lile kooni, nikamuuliza juu ya nini alinichagua mimi. Niliuliza kwa Kiswahili chake, "juu ya nini", nikitumaini kitalainisha mambo. Hakushtuka. "Weye mwenyewe ulitafsiri," alisema. "Alisema tusianze na bale bakubwa. Bale ba kwetu siwezi bado. Njo nikakamata weye." Taa ikawaka kijani, akavuka. Jioni ile aligonga ubao kwa mwiko kama kawaida. Sombe ilikuwa na mawese, na alinipa kipande kikubwa cha samaki, si kwa kusudi, alinipa hivyo kila siku. Nilikula nikitazama sahani. Heri angeninyima. Mtu akikununia unaweza kujitetea, walau ndani ya kichwa, lakini mama yule alinipa chumvi, akaniambia maji ya kunawa yako kwenye beseni, na mimi nikajiona mdogo zaidi kwa kila tonge.

Jumapili iliyofuata simu ilikuwa ileile. Furaha iko hapo? Muambie nimemusalimia. Nililala chali, nikapiga moyo konde, na Jumamosi nikafika mbele ya akina mama na kutangaza kwamba nimefikiri upya, raha si neno sahihi, tutarudi kwenye furaha. Hata radhi nilijua kuiomba kwa kusahihisha tu. Nilimtazama Mama Furaha nikisubiri uso wake ulegee. Alinyoosha mkono kidogo, kama mwanafunzi. "Tuache tu raha, Mwalimu," alisema. "Ile nyingine ni jina ya mtoto yangu. Nilikosea kuileta hapa." Hakuwa ananichoma. Aliniamini. Aliamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyechanganya mambo, kwamba mtoto wake hana nafasi katika sala za watu waliosoma, na hakukuwa na kamusi ya kumtoa imani hiyo. Nilijaribu mara nyingine njiani, nikamwambia mimi ndiye niliyekosea, aseme atakavyo. Alinipigapiga mgongoni. "Haina neno," alisema, maneno yaleyale aliyomwambia shangazi mtu kwenye simu.

Nilihama kabla mwaka haujaisha. Nilisema nimepata kazi ya ulinzi mbali, ambayo ilikuwa kweli, ila ningeweza kuifanya nikilala Jeppestown. Nilimkimbia mama aliyenitakia mema kila Jumamosi kwa jina langu, kwa sababu nilijua ananitakia kama nani. Baadaye nimewahi kuketi peke yangu, hapa Tanga, sebuleni, wake wa majirani wakidhani nasinzia. Huwa naanza na mimi, kama tulivyofundishwa, na mara nyingi siendi mbali zaidi ya hapo. Nilisikia kwa watu kwamba baada ya miaka kadhaa Furaha alishika simu, na kwamba akiwa mtu mzima alikuja Johannesburg, akakaa na mama yake upande wa chumba uliokuwa wangu. Nilifurahi, kisha nikaona haya kufurahi, maana sikuwa nimechangia chochote ila kizuizi.

Jana Furaha aliniandikia. Sijawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Alisema wanaandaa maneno ya kusoma kaburini, na kwa kuwa mama alisema kwamba tonton Mwalimu, yaani mjomba, ndiye anayejua Kiswahili, anaomba niangalie kama iko sawa. Yalikuwa mengi, yameandikwa kwenye simu kwa haraka ya mtu anayelia. Aliandika jinsi alivyokataa kuongea na mama yake utoto wake wote, na jinsi mama alivyoendelea kumsalimia. Aliandika kwamba kila asubuhi mama aliketi kwenye kiti cha cherehani akataja majina ya watu, mengine ya watu wabaya sana wa kule kwao, na jina la Mwalimu halikukosa. Hapo ndipo nilipolia, mwishowe. Nililia huku nasoma, na huku nalia kidole changu kilikuwa kinafanya kazi yake. Alitupendaka nikaifanya alitupenda. Batoto nikaifanya watoto. Nikaweka mkato, nikaondoa mkato. Nilikuwa nimeshamrudishia ndipo nilipoona nilichofanya, kwenye maneno ya maziko ya mama yake. Nikaandika haraka nikimsihi anisamehe, afute yangu yote, asome kama alivyoandika mwenyewe.

Akanipigia. Sauti ilikuwa imekauka kwa kilio, na nilisubiri aniambie ninachostahili.

"Hapana, tonton, usiogope," alisema Furaha. "Mama alituambiaka mbele. Alisema, mukimutumia, atasahihisha. Akasema tusimukasirikie."